Hesabu za Dadabhai

Mwanangu Rehema,

Salaam sana. Baada ya salamu, maneno uliyoniambia siku ile stendi bado yako kichwani mwangu: kwamba unataka kuacha takwimu usome sheria, kwa kuwa namba hazimtetei mtu. Sikuwahi kukujibu, basi liliondoka.

Mwaka 1825 alizaliwa India mtoto aliyeitwa Dadabhai Naoroji. Alifiwa na baba akiwa na miaka minne. Mama yake hakujua kusoma, lakini alisimama kidete mpaka mwanawe akasoma (hapo humkumbuka bibi yako). Akawa Mhindi wa kwanza kuwa profesa katika Chuo cha Elphinstone, Bombay. Somo lake? Hisabati.

Wakubwa wa Kiingereza walidai utawala wao umeineemesha India. Dadabhai hakuwatukana. Alichukua ripoti zao wenyewe, jimbo kwa jimbo: eneo lililolimwa, mavuno, bei. Akajumlisha, akagawanya kwa idadi ya watu, ikatoka rupia 20 kwa kila mtu wa India kwa mwaka mzima. Kisha, mwanangu, hapa soma polepole, akafungua hesabu za magereza. Bengal, mfungwa mmoja aligharimu rupia 31 na kitu kwa chakula na mavazi. Mtu huru wa jimbo hilohilo, fungu lake lilikuwa rupia 15. Yaani hata mwaka wa neema, nchi haikuzalisha cha kuwalisha na kuwavika watu wake kama wafungwa. Nani angembishia, na tarakimu zote zilitoka serikalini?

Akaonyesha na mali ilikokwenda: kodi ya mkulima wa India ililipa mishahara na pensheni za maofisa, nyingi zikatumika Uingereza zisirudi tena. Mwaka 1892 akaingia Bunge la London, kwa kura 5 tu za ziada, akayasema hayo mbele yao.

Mwaka 1906 aliongoza mkutano wa Congress, chama cha siasa cha Wahindi, kule Calcutta. Alikuwa na miaka 81, sauti imekwisha, hotuba yake akasomewa na Gokhale, mwanasiasa mwenzake. Ndani yake ndimo alimotaja swaraj, kujitawala.

Ukiamua sheria, nitalipa ada vilevile. Ila usiiache takwimu kwa sababu ile uliyonitajia. Daftari lako la mazoezi ulilolisahau mezani nimelifunga pamoja na barua hii. Mama anakusalimu.

Baba yako