Risala ya Watafiti Wanafunzi wa Biolojia kwa Mgeni wa Heshima, Malindi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, walimu wetu, maofisa wa misitu na wa hifadhi ya bahari, wazee wa ufuoni, wavuvi mlioacha mashua leo ili muwe nasi, waalikwa wote: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, na hamjambo.

Mheshimiwa, karibu Malindi. Tunajua unangojewa Watamu kabla ya saa saba, kwa hiyo historia tutaipitia mbio. Hifadhi ya bahari ya hapa ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, zikiwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Tangu wengi wetu hatujazaliwa, wanafunzi wa biolojia wamekuwa wakija kusoma matumbawe, mikoko ya Mida, ndege wa mdomo wa mto Sabaki, na yule sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa msitu wa Arabuko-Sokoke mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, ambaye nje ya pwani ya Kenya hapatikani. Walitoka vyuo tofauti wakafanya kazi zinazofanana, kila mmoja na ndoo yake. Kikundi hiki kiliundwa ili ndoo zikutane.

Mafanikio ni mengi. Chumba kilichokuwa stoo ya nyavu sasa ni maabara ya kisasa yenye meza ya vigae, darubini mbili (moja inaona vizuri), sentrifuji ya kuzungusha sampuli kwa kasi, na mashine ya PCR, ya kuzidisha nakala za DNA, tuliyoachiwa na dada mmoja alipomaliza shahada yake ya uzamifu. Vifaa vyote ni vya pamoja: kuna daftari la zamu, na anayeacha meza chafu hulipa faini. Hadhi yetu pia imevuka mipaka. Mtalii wa Kitaliano aliingia akidhani ni duka la vinyago, akainamia darubini mpaka adhana ya adhuhuri.

Mheshimiwa, sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tukualike.

Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani hii yalipauka na kufa. Mengine yalisalimika. Wanafunzi wetu wanatafuta jibu la swali ambalo kila mvuvi aliyeketi hapa angependa kulisikia: yaliyosalimika yalihimili vipi? Sehemu ya jibu imo katika RNA, yaani nakala za jeni ndani ya seli, ambazo huonyesha ni jeni zipi zilizokuwa kazini wakati tumbawe limeshikwa na joto. Lakini RNA haimngoji mtu. Vimeng'enya huanza kuikatakata mara tu kiumbe kinapotolewa majini. Yapasa igandishwe upesi, kisha ikae kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri mpaka siku ya kupimwa. Friza ya nyumbani huishia nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, na zile zinazojiyeyushia barafu zenyewe hujipasha joto kila baada ya muda, kwa hiyo sampuli huganda, ikalegea, ikaganda tena, hata isifae kitu.

Sisi hununua barafu kwa wauza samaki. Wametuzoea, na hutupimia kwa ukarimu. Sampuli tumekuwa tukizihifadhi kwenye friza ya mfanyabiashara mmoja, chini ya changu na tafi. Ramadhani ilipoingia alihitaji nafasi yake, jambo ambalo ni haki yake kabisa, na kazi ya msimu mzima ikatolewa ikawekwa kivulini. Mwenye sampuli hizo yupo hapa leo. Ameahirisha kumaliza masomo, na tumemwomba asizungumze.

Mheshimiwa, si mara ya kwanza kulisema hili mbele ya mgeni. Mmoja wa waliokutangulia alitusikiliza kwa makini akatamka, "Hilo ni jambo dogo." Tukapiga makofi sana. Friza ikaja kweli, yenye mlango wa kioo na mwangaza ndani, ya kuuzia soda. Tulishukuru, na soda siku ile zilikuwa baridi. Mwingine alitoa kompyuta, zikafungiwa katika ofisi ya mkubwa mmoja, na ufunguo ukaenda likizo. Wa tatu alituachia nambari ya msaidizi wake. Mpaka leo tunaambiwa mteja hapatikani kwa sasa.

Hivyo ombi letu tumelipunguza likawa moja: friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, pamoja na paneli za sola na betri za kuishikilia stima inapopotea, maana Malindi stima hupotea bila kuaga. Friza hizi hula umeme usiku na mchana. Ukituletea friza bila betri, utakuwa umetuletea kabati.

Washauri wako huenda wakakwambia siku hizi sayansi ni kompyuta. Hawakosei. Mafaili ya mfuatano wa jeni ni makubwa, na laptopu ya gigabaiti 8 za kumbukumbu huyakataa usiku wa manane baada ya kukutia matumaini. Seva ya pamoja tunaihitaji, na betri hizo hizo zingeisaidia. Lakini seva haiwezi kusoma sampuli iliyooza. Friza kwanza.

Tunaomba pia kifaa hicho kiandikishwe kwa jina la kikundi, kikae chumba hiki, na funguo zake ziwe tatu kwa watu watatu. Gharama ya fundi tutaichanga wenyewe kutokana na ada za watumiaji. Bei za wauzaji watatu zimeambatishwa nyuma ya risala hii, ya chini ikiwa juu.

Risala tumeichapa nakala mbili, Mheshimiwa. Moja ni yako. Ya pili tunakuomba uitie sahihi na uandike tarehe ambayo tutegemee jibu. Katibu anakuja na kalamu.