Tupeni na matokeo, si sura peke yake

Mhariri,

Ukurasa wako wa michezo siku hizi una kona ya picha za kuchekesha zinazotoka mitandaoni. Sina ugomvi nayo. Vijana ninaowafundisha kikapu hapa Mwanza wakilishika gazeti huanzia hapo. Ninachoomba ni kwamba chini ya kila sura ya mwanamichezo mnayoichapa muandike ilikuwa mechi gani, lini, na kilitokea nini sekunde ile.

Chukua ile ya LeBron James, aliyekuwa nyota wa Cleveland, mikono kaitandaza, kama abiria anayemuuliza konda mbona tumepita kituo. Hapa Kirumba hata mama ntilie anayo kwenye simu, humtumia mteja mwenye deni. Lakini uliza ilitokea wapi, utajibiwa "si huko Marekani". Ilikuwa mechi ya kwanza ya fainali za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Mei 31, 2018, mjini Oakland, Cleveland wakicheza na Golden State. Zimebaki sekunde 4.7, Cleveland wako nyuma kwa pointi moja, George Hill ana mitupo huru miwili. Wa kwanza ukaingia, ikawa 107–107. Wa pili ukagonga chuma. J.R. Smith wa Cleveland akauwahi mpira palepale chini ya goli, na badala ya kuurudisha juu akakimbia nao kuelekea katikati ya uwanja kana kwamba wanaongoza, muda ukayoyoma. LeBron, aliyemaliza mechi ile na pointi 51, ndipo akanyoosha mikono kumuelekezea goli liliko. Wakaenda muda wa nyongeza, wakalala 124–114.

Kuna kipande kingine ambacho hakikusambaa sana, nami nakiona kizito kuliko hicho. Wakiwa benchi kabla ya muda wa nyongeza, kamera ilimnasa LeBron akiuliza kama walikuwa na taimauti, yaani nafasi ya kusimamisha mchezo kidogo wapange mbinu. Akaambiwa ilikuwepo moja. Tazama mabega yake baada ya jibu hilo. Fainali zilipokwisha, Cleveland wakiwa wamefungwa mechi zote nne, alitokea mbele ya waandishi mkono umefungwa bandeji, akaeleza kwamba aliuumiza mwenyewe kwa hasira baada ya mechi ile ya kwanza.

Kijana akiyajua hayo, picha ileile inageuka kuwa somo: tazama ubao wa matokeo kabla mtupo huru haujapigwa, jua una taimauti ngapi. Tena inafungua mjadala wa sheria, maana NBA mchezaji aliye uwanjani anaweza kuomba taimauti mwenyewe, wakati kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazochezea sisi anayeomba ni kocha au msaidizi wake tu. Yaani kosa lile likitokea kwetu, lawama ya taimauti ni ya kwangu, si ya mtoto mwenye mpira. Hilo huwafurahisha sana.

Sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kuhitaji maelezo. Mechi za usiku za Marekani zinatufikia mnamo saa kumi alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wako njiani kurudi mwaloni. Mtu akiamka saa moja anakuta stika imeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp. Matokeo atayatafuta baadaye, na wengi hawayatafuti. Kwa hiyo sura ndiyo inayobaki kuwa habari yenyewe.

Sura isiyo na maelezo hufika mahali ikasema uongo. Michael Jordan, gwiji wa kikapu, mwenye macho mekundu na machozi mashavuni, yule mnayempachika kwenye kichwa cha kila timu iliyofungwa, hakuwa amefungwa na mtu. Ilikuwa Septemba 2009 huko Springfield, Massachusetts, akiingizwa kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kikapu, heshima ya juu kabisa ya mchezo wake. (Mwaka huohuo, kama mmesahau, Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili kuingia NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Ile ndiyo picha ya kuchapa.) Chozi la mshindi limekuwa sare ya washindwa. Mwaka 2016 Barack Obama alipomvisha Jordan Nishani ya Uhuru ya Rais alitania kwamba huyu ni zaidi ya meme, picha ya kuchekesha ya mtandaoni, ukumbi ukacheka.

Ila Februari 2020, kwenye hafla ya kumkumbuka marehemu Kobe Bryant, nyota mwingine wa kikapu, na binti yake Gianna pale Los Angeles, Jordan alisimama kumlilia mtu aliyemwita mdogo wake. Machozi yakamshuka, na katikati ya maneno yake ikabidi aseme kwamba sasa atalazimika kuitazama meme nyingine ya kulia kwake kwa miaka kadhaa. Watu walicheka, naye alicheka. Kwetu mtu akilia msibani hushikwa mkono akapewa kanga ajifute. Huyu alikuwa anawaza stika.

Jordan ana mali na jina, atavumilia. Kocha wa timu ya mtaani hana hayo. Juzijuzi kurasa za michezo za hapa jijini zilisambaza picha ya kocha mmoja pembeni ya uwanja, kashika kichwa kwa mikono miwili, na vikaragosi vya kucheka pembeni. Nilikuwepo. Mchezaji wake alikuwa ameanguka vibaya, goti limegeuka, na timu ilikuwa inaongoza. Hakuna aliyeandika matokeo, wala hali ya yule kijana.

Sisemi muache kuchekesha. Maneno ishirini chini ya picha yanatosha: uwanja, tarehe, matokeo, tukio. Mkikosa nafasi, punguzeni kidogo lile jedwali la odi za kubeti.

Mwalimu wa kikapu,
Pasiansi, Mwanza