Diploma au digrii ya uuguzi? Tupige hesabu ya kinachobaki mkononi

Mhariri,

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, mabango ya vyuo vya afya hujaa hapa Mwanza kuanzia Buzuruga hadi Nyegezi, na wazazi huanza kuulizana: mtoto aende diploma ya uuguzi sasa, au avumilie mpaka digrii? Majibu mengi yanayotolewa vibarazani yanalinganisha mshahara uliotajwa kwenye tangazo la ajira. Lakini huo sio utakaoingia mfukoni, na tangazo halisemi mhitimu atakaa nyumbani miaka mingapi kabla ya kuupata. Naomba nafasi tuipige hesabu yenyewe.

Muda kwanza. Diploma ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya kati, kwa mwenye angalau D nne za kidato cha nne, zikiwemo za Kemia, Biolojia na Fizikia. Digrii ni miaka minne darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi. Wote wawili wanamalizia kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga ili wapate leseni, maana bila leseni cheti ni karatasi tu. Kwa aliyemaliza kidato cha nne, njia ya diploma ni miaka mitatu na njia ya digrii ni saba: miwili ya kidato cha tano na sita, minne ya chuo na mmoja wa utarajali. Kwa aliyekwisha kumaliza kidato cha sita ni mitatu kwa mitano. Hao ni watu wawili tofauti, na ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumwumiza mwingine.

Sasa hati ya mshahara. Nachukua viwango vya mfano, si vya serikali. Msomaji aweke vyake. Tuseme mwenye digrii ameanza na mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000 serikalini. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 50,000. Kodi inakatwa kwenye 950,000 zilizobaki, nayo ni 115,500. Bima ya afya asilimia 3, 30,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 20,000. Kisha, kwa kuwa alisoma kwa mkopo, inakuja Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, si ya kilichobaki, yaani 150,000. Anapokea 634,500.

Mwenye diploma asiye na deni la Bodi, akianza na 700,000, anakatwa PSSSF 35,000, kodi 49,000, bima 21,000 na chama 14,000. Anapokea 581,000.

Tofauti ya laki tatu kwenye tangazo imekuwa 53,500 benki. Hapo ndipo wengi wanaposhtuka mwezi wa kwanza wa kazi, hasa aliyekwisha kuahidi nyumbani kumsomesha mdogo wake. Deni likiisha, tofauti inapanda hadi 203,500 kwa mwezi. Linaisha lini? Chukua deni la milioni 14, ongeza asilimia 1 ya gharama za uendeshaji inayotozwa mara moja, gawanya kwa 150,000: miezi 94, karibu miaka minane. Mshahara ukipanda makato nayo yanapanda, hivyo kwa kweli litaisha mapema kidogo.

Mwenye diploma aliyetoka kidato cha nne ametangulia miaka minne, na miaka minne ya 581,000 kwa mwezi ni takriban milioni 27.9. Kwa viwango hivyohivyo, wa digrii anahitaji miezi kama 206 kazini, zaidi ya miaka kumi na saba, ndipo wawe sawa. Kwa wawili waliotoka kidato cha sita pengo ni miaka miwili tu, na wa digrii anamfikia mwenzake kwenye mwezi wa 138, miaka kumi na moja na nusu. Sijaingiza ada iliyolipwa taslimu, posho ya utarajali wala kupanda madaraja, na madaraja yanampendelea mwenye digrii. Lakini nimechukulia kwamba wote wawili wamengoja ajira kwa muda uleule, jambo ambalo haliko mikononi mwa yeyote kati yao. Serikali inaajiri kwa vibali, na katikati ya kibali na kibali kuna wahitimu wanaojitolea wodini kwa posho ya nauli. Kila mwaka wa kungoja unafuta karibu milioni saba kwa wa diploma.

Je, basi deni la Bodi ndilo adui? Hapana, na hapa natofautiana na wanaowatisha vijana. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 zilifutwa mwaka 2021. Leo mkopo huo hauongezeki ukiwa unatafuta kazi, na shilingi utakayorudisha baada ya miaka minane ni nyepesi kuliko uliyopewa. Hakuna benki wala kikoba kitakachokupa fedha kwa masharti hayo. Deni baya ni lile lisiloonekana kwenye hati ya mshahara: shamba la Magu lililouzwa, ng'ombe waliotolewa zizini, mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa mtaani, uliochukuliwa wiki ya mitihani kwa sababu chuo hakimruhusu anayedaiwa ada kuingia chumba cha mtihani. Hilo ni deni la mzazi, na mara nyingi linatokana na diploma iliyodhaniwa kuwa rahisi.

Ni kweli Bodi ilianza kukopesha ngazi ya diploma mwaka wa masomo 2023/24, lakini kwa kozi zilizotajwa kwa majina. Kusikia kwamba "kozi za afya zina mkopo" hakutoshi. Fungua mwongozo wa Bodi wa mwaka unaoomba, utafute jina la kozi neno kwa neno; usipoliona, panga ada kama ya mtu asiye na mkopo.

Kwa wanaoomba mkopo wa digrii, yanayoharibu maombi ni madogo na yanajirudia: cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, jina la cheti hicho lisilolingana na la kidato cha nne, aliyerudia mtihani kuweka namba moja na kuacha nyingine, ukurasa wa mdhamini usio na sahihi, muhuri wa serikali ya mtaa uliosahaulika. Na hata maombi yakikamilika, Bodi hupanga kiwango kwa uhitaji. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, likija kamili na ada ikaja nusu, nusu ya pili ni yako. Kwa hiyo asiripoti chuoni mtu ambaye familia yake haina ada ya muhula wa kwanza mkononi.

Wapo wanaosema: soma diploma, ajiriwa, kisha jiendeleze. Ni njia nzuri, na kwa mtoto wa kidato cha nne wa familia ya kipato cha chini ndiyo ningeipendekeza kwanza. Ila ijulikane kwamba mwenye ajira rasmi hana sifa ya mkopo wa Bodi, hivyo digrii ya baadaye atajilipia, na ruhusa ya masomo inatoka kwa mwajiri kwa zamu. Pia alinde alama zake za diploma tangu mwaka wa kwanza. Vyuo vikuu huangalia wastani huo, na aliyepita kwa sapu (mitihani ya marudio) za kila muhula atakuta mlango umefungwa hata akiwa na fedha.

Aliye na mkopo akiajiriwa hospitali binafsi, asisubiri. Mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 na kuanza kukata. Wako waajiri wanaokata na kuchelewa kupeleka. Aliyekatwa hujua siku anapotazama taarifa ya deni na kukuta halijapungua. Itazame kila baada ya miezi michache, na hati za mshahara zitunze zote. Kwenye hospitali binafsi pia mchango wa hifadhi ya jamii ni kwa kawaida asilimia 10 badala ya 5, kwa hiyo rudia hesabu yangu ya juu.

Kuhusu chuo chenyewe, umbali una bei yake. Aliyepangiwa Sengerema hana tena gharama ya kungoja kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, lakini mafunzo ya vitendo yanaweza kumpeleka hospitali nyingine kabisa, na kodi ya chumba kule inamsubiri. Kabla ya kulipa, omba karatasi ya ada ya miaka yote mitatu au minne, siyo ya mwaka wa kwanza pekee, na uulize vitu vinavyokaa nje ya neno "ada": sare, usafiri wa fildi, bima, ada za mitihani, kurudia somo. Hakikisha pia usajili wa chuo na wa kozi hiyo kwa NACTVET au, kwa digrii, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi isiwe nao.

Ombi langu kwa vyuo vya Kanda ya Ziwa ni moja. Kwenye mabango yenu, chini ya picha ya wahitimu wenye kofia nyeupe, wekeni namba mbili: kati ya waliomaliza mwaka juzi, wangapi walifaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza, na wangapi wanalipwa mshahara leo. Mzazi atajaza hesabu iliyobaki mwenyewe.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza