Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu mmeshazipata kwa mweka hazina, sitazirudia. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na paa la ghala letu limeacha kuvuja. Hayo yanatosha.

Kilichotukalisha vikao hadi usiku mwaka huu ni bomba moja la shaba. Familia moja hapa Salsigne, kijiji chetu cha mgodi wa zamani kusini mwa Ufaransa, ilitukabidhi bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni. Mikanda yake ya ngozi imekatika, na mpini umelainika kwa kushikwa miaka mingi. Kamati ikagawanyika. Baadhi walitaka likae kwenye chumba cha kilimo cha makumbusho yetu, mbali na taa na nyundo za wachimbaji. Wengine hawakutaka lionekane kabisa.

Mimi nasema likae katikati. Mnaolima mizabibu mnajua lilivyotumika: wakati wa baridi, mizabibu ikishapogolewa na kabla haijachipua, ilipuliziwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu, ili kuzuia eska, ugonjwa unaokausha shina. Ufaransa ilipiga marufuku dawa hiyo mwaka 2001. Na aseniki tulikuwa nayo mlangoni. Katika miamba yetu, dhahabu na aseniki hazitengani, na tangu dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1892 hadi mgodi ulipofungwa 2004, Salsigne ilijulikana duniani kwa zote mbili. Sehemu ya aseniki hiyo iliishia mashambani. Kwa hiyo habari ya mkulima msafi na mgodi mchafu, ambayo wageni huipenda sana, haina ukweli wote.

Haimaanishi mzigo ni sawa. Malundo ya mabaki yaliyoachwa bondeni ni ya mgodi, si ya mkulima. Mafuriko ya Oktoba 2018 yalipopita mto Orbiel, aseniki ilikutwa hata kwenye viwanja vya shule, na mwaka uliofuata watoto wa bondeni wakapimwa mkojo. Wapo majirani wetu kule chini ambao kwa miaka mingi wameonywa wasile mboga za bustani zao wenyewe. Hao wana haki ya kuuliza nani atalipa, na chama kitaendelea kuuliza pamoja nao.

Nimesikia hofu ya wenye mashamba: tukiyasema haya, nani atanunua mvinyo? Jina la Cabardès, linalobebwa na mvinyo wa eneo letu, lilitambuliwa rasmi mwaka 1999 na limepiganiwa kwa jasho. Lakini mnunuzi anaisoma habari ya aseniki kwenye simu yake kabla hajafika Carcassonne, mji wa karibu nasi. Afadhali aikute kwetu, ikiwa na maelezo ya vipimo, kuliko atukute tunainamisha vichwa.

Kamati inaomba kura ya kunyoosha mikono: bomba liwekwe chumba cha kwanza, na vipimo vya udongo na maji vinavyotangazwa na serikali vibandikwe pembeni yake. Tukimaliza, tutaingia kwenye ukarabati wa ngazi.