Malalamiko: injini niliyolipia siyo niliyoletewa

Kwa meneja wa stoo ya injini za mtumba, Dar es Salaam.

Habari za kazi. Mimi ni yule mteja wa Tabora, "mzee wa Celica", yaani ile Toyota ya zamani ninayoifufua, kama kijana wenu wa mauzo alivyozoea kuniita kipindi bado hajapokea hela yangu. Nimepiga simu mara tisa tangu mzigo ufike, mara mbili zimepokelewa, zilizobaki zinaita mpaka zinakata, ndo maana nimeamua niandike ili hata mkiamua kukaa kimya basi kila kitu kiwe kwenye maandishi.

Nianze na nilichoagiza maana hapo ndo mnapotaka kunichanganya. Ujumbe wangu bado upo kwenye WhatsApp na nyie mnao, niliandika hivi: nataka 3S-GE ya Altezza ya manyuali, gia boksi yake ya gia sita, kontroli boksi yake, waya zake zote bila kukatwa, na injini iwe imepimwa. 3S-GE ni aina ya injini ya Toyota, Altezza ni gari inayotoka nayo, na kontroli boksi ni kompyuta inayoiendesha. Nikajibiwa "ipo bosi, safi, imeshuka na kontena wiki hii, hiyo hata oil haijanusa vumbi la Bongo". Nikatumiwa picha tatu, injini ina kava jeusi juu, nikaridhika. Nikalipa 3,600,000 yote kwa mkupuo. Lori kuja Tabora nikalipa 250,000 mwenyewe. Kosa langu ni moja, sikumtuma mtu aje kuiona kabla ya kulipa, hilo nakubali, lakini kuamini mtu sio kosa linalompa mwenzako haki ya kukuletea kitu kingine.

Naomba mjue hiyo injini inaenda kwenye gari gani, maana kijana wenu aliniambia kwa simu "gari la zamani hilo unahangaika nalo la nini, si uweke tu 1NZ uendelee na maisha". Gari ni Celica RA40, toleo la pili la Celica lile la 1977 mpaka 1981, lilitoka na injini ya 18R ya kabureta, cc 1968. Lilikuwa la marehemu baba. Alikuwa mtu wa reli na hilo ndo gari alilotupeleka nalo shule, kwenye misiba, kote. 18R ilipokufa gari likakaa chini ya mwembe hapa Isevya miaka 14, kuku wanatagia siti ya nyuma. Baba alikuwa anafuatilia Safari Rally kwenye redio kama watu wanavyofuatilia Simba na Yanga, Celica ya tabo ilipochukua mwaka 1984 na dereva Waldegård, ikarudia 1985 na dereva Kankkunen, halafu 1986 Waldegård tena, kwake ilikuwa kama ushindi wa nyumbani, na zile zote zilikuwa zinasukuma tairi za nyuma kama hii yetu. Kuanzia toleo la 1985 Celica za kawaida zikahamia kuvuta mbele. Kwahiyo mtu akiniambia niweke 1NZ najua hajui anachokiongea, 1NZ inalala kiubavu na kuvuta mbele, mimi nina propela na difu nyuma, nataka injini inayokaa kwa urefu, na ya Altezza ndivyo inavyokaa. Sio kwamba nimeota.

Mimi sio fundi magari wa kulipwa. Nauza asali, naifuata Sikonge na Urambo. Hili gari nalifanya jioni na Jumapili, mwaka wa tatu huu. Sakafu yote ilikuwa imeliwa na kutu, nimeikata na kuchomelea bati jipya la milimita moja na nusu, msasa nimepiga mpaka vidole vikatoka damu, breki mpya, bushi mpya, rejeta kubwa. Hela ya injini ni asali ya misimu miwili. Nasema hivi sio kuwaombea huruma, nasema ili mjue hela hiyo haikuokotwa.

Sasa mzigo umefika. Kwanza gia boksi, hiyo ni kweli ya gia sita, sina ugomvi nayo, namba zake zipo na gia zote zinaingia. Tatizo injini. Nyuma yake hakuna flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalokaa na klachi ya manyuali, kuna lile bati jembamba la otomatiki lenye meno, nikadhani labda mmechanganya flaiwili tu, nikalifungua. Kwenye tundu la mwisho wa kranki hakuna ile beringi ndogo inayoshika shafti ya gia boksi, na hakuna alama yoyote kwamba iliwahi kuwepo, pamejaa kutu kavu. Hiyo injini imezaliwa na otomatiki na imeishi na otomatiki. Mtaniambia ni 3S-GE ile ile, hapana. Ya manyuali ni farasi 210 na ina valvu za titaniamu, ya otomatiki ni 200 na mgandamizo wake ni mdogo kidogo. Mimi nimelipia 210. Mtu akinunua debe la asali ya miombo ukampa la asali iliyochanganywa na sukari, yote ni matamu lakini sio alichonunua, na mimi kwenye biashara yangu nikifanya hivyo Tabora hii sitauza tena hata kijiko.

Waya ndo zimeniuma zaidi. Niliandika bila kukatwa. Zimekatwa na grainda, kiganja kimoja kutoka kwenye plagi za kontroli boksi, zote, ncha zimeungua kabisa. Hii injini ina VVT-i mbili, ule mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, ya upande wa kuvuta hewa na ya upande wa ekzosi, ina sensa zake na throto yake ya umeme, sio 18R kwamba unapeleka waya mmoja kwenye koili unawasha. Na kontroli boksi mliyoweka kwenye mfuko wa nailoni nayo ni ya otomatiki, itakaa inatafuta gia boksi ambayo haipo.

Pamoja na hayo yote nikasema labda injini yenyewe nzima, nitatafuta flaiwili na waya kidogo kidogo. Nikaipeleka kwa fundi wa matairi mwenye kompresa pale Kiloleni. Hatukuwa na namna ya kuipigisha stata kwahiyo tukapima kwa hewa. Unaleta pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, mtu anashikilia kranki na spana ndefu isizunguke, unaingiza hewa kwenye tundu la plagi halafu unasikiliza. Ikitokea kwenye mdomo wa oil, ringi zimekwisha, ikitokea ekzosi ni valvu ya ekzosi, ikitokea kwenye manifoldi ni ya kuvuta. Sisi tulijaza na maji kwenye njia ya rejeta, yakitoa mapovu ujue hewa inavujia kwenye njia ya maji. Silinda ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu maji yakaanza kuchemka kama chai, mapovu yanapanda mpaka yakamwagika miguuni. Ya nne nzima. Tumerudia mara tatu na yote ipo kwenye video, sauti ya fundi inasikika akihesabu silinda.

Nikampigia kijana wenu siku hiyo hiyo, akaniambia "fungua hedi uangalie, itakuwa gasketi tu, elfu themanini hiyo". Nikafungua. Gasketi imeungua silinda ya tatu kwenda njia ya maji, na pembeni imepakwa silikoni ya kijivu ili isitoe jasho. Nikaweka rula ya chuma juu ya hedi, fila geji, kile kibati cha kupimia mwanya, ya milimita 0.20 inapita katikati bila kulazimisha. Hedi imepinda, injini iliwahi kuchemka vibaya, na kuna mtu aliyejua akaificha kwa silikoni na rangi ya silva. Sisemi ni nyie, inawezekana ilikuja hivyo kutoka Japani, lakini nyie ndo mliosema imepimwa.

Sasa simu ya mwisho iliyopokelewa nikaambiwa na mama mmoja wa ofisini kwamba kwa kuwa nimefungua hedi basi garantii imeisha na eti mtumba haurudishwi. Dada yangu, kwa heshima zote, niliambiwa nifungue na mtu wenu, na video ya maji kuchemka ni ya kabla sijagusa boliti hata moja ya hedi. Na mimi silalamiki kwamba mtumba umechakaa, mtumba ni mtumba, nalalamika kwamba kilicholetwa sio kilichoelezwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ifanane na maelezo yake, haijasema isipokuwa mtumba.

Kitu kingine nimepewa risiti ya kuandika kwa mkono. Nataka ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Injini ikibadilika namba kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe TRA, na nitakapoenda kule bila karatasi ya kueleweka nitaonekana mimi ndo mwizi wa injini.

Ninachotaka mnaweza kuchagua. Mkinipa injini ya manyuali kweli, na flaiwili yake na kontroli boksi yake na waya nzima, nitamtuma ndugu yangu aliyepo Ilala aje ipimwe mbele yake kabla haijapanda lori, na gharama ya lori safari hii ni yenu kwenda na kurudi. Kama hamna basi nirudishieni 3,600,000 na 250,000 ya usafiri, gia boksi mkitaka mniuzie bei tutaongea, mimi nitaibakiza kwa furaha maana maunti yake nimeshaichomelea na propela nimeshapima. Nusu nusu siitaki, msiniambie mtanitumia gasketi. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii, baada ya hapo napeleka malalamiko Tume ya Ushindani na picha zote na video.

Injini ipo kwangu kwenye palati ile ile mliyoituma, nimeifunika turubai. Hedi nimeifunga na gunia safi, boliti zote zipo kwenye ndoo ya asali yenye kifuniko, kumi za hedi nimezipanga kwa mfuatano wake, plagi nne, lile bati la otomatiki, kontroli boksi na mfuko wake wa nailoni. Hakuna kilichopotea. Kuna lori la jamaa yangu linashuka Dar kila Jumanne usiku, mkisema lete napakia.

Mteja wenu,
mwenye Celica, Isevya, Tabora