Potwe wa Kilindoni wapewe nafasi, nasi wageni tuambiwe ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenye boti wanaopeleka wageni kuona papa potwe kule Mafia, kabla msimu haujachanganya.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mbagala. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majahazi kisiwani Jibondo, na huko ndiko nilikokulia. Mjukuu wangu wa miaka kumi ana daftari la safari. Ukurasa wa kwanza kaandika potwe, wa pili kasa, wa tatu pomboo, kisha popo wa kisiwa cha Chole, na wa mwisho nguva. Huyo wa mwisho nimemwambia asimtegemee sana, maana nguva amebaki wa nadra hata kwenye delta ya Rufiji. Kila ukurasa ameuachia nafasi ya tarehe na saa.

Desemba iliyopita tulipanda chombo Nyamisati, upande wa bara, tukavuka hadi Kilindoni, mji wa Mafia. Aliyetuuzia safari ya boti alituapia kuwa potwe wapo tu, kama ng'ombe zizini. Asubuhi tukatoka. Nahodha wetu, mtu mzima, hakuwa akitazama maji bali ndege: wanapokusanyika na kupiga mbizi, chini pana dagaa na uduvi, na penye uduvi ndipo potwe anapopanua kinywa. Hatimaye akazima mashine. Ubavuni mwetu kikapita kivuli kipana, polepole, kimejaa madoa meupe, na nikaelewa kwa nini wenzetu wa Kenya humwita papa shilingi. Mjukuu alinikamata mkono, akawa anahesabu madoa kwa sauti. Alifika kumi na moja.

Hapo zikaja boti tano nyingine, mashine zinanguruma, watu wakijitupa majini kila upande. Kijana mmoja alinyoosha mkono amshike pezi. Potwe akainamisha kichwa, akazama, na hakuonekana tena. Tukabaki na harufu ya petroli na mawimbi yanayogongana. Jioni nilifungua lile daftari nikakuta ameandika: "11, halafu kelele."

Siwalaumu manahodha peke yao. Wetu alinieleza kuwa mgeni aliyeahidiwa kumwona samaki asipomwona hudai fedha zake, basi kila mtu anakimbiza. Kosa linaanzia kwa anayeuza. Potwe ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini anakuja kula, hakuja kwa ajili yetu. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi hulisha karibu na uso wa maji mbele ya Kilindoni. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia wamebaini kuwa wengi hawahami. Miezi mingine husogea tu kwenye maji ya kina. Na kila mmoja ana mpangilio wake wa madoa, usiofanana na wa mwenzake. Maana yake ni kwamba anayechanwa na pangaboi la boti leo ndiye yule yule tutakayemtafuta mwakani.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ipo tangu 1995, ya kwanza nchini, ila malisho ya potwe yako nje ya mipaka yake. Kwa hiyo nawaomba wenye boti wakae wenyewe wakubaliane: potwe mmoja, boti moja. Nyingine zisubiri mbali, mashine zimezimwa, zamu yao itafika. Mgeni asiguse. Na wauza safari watuambie "huenda mkamwona", kisha watueleze na mengine yaliyopo. Kesho yake tulivuka kwenda Chole bila kuahidiwa chochote. Popo walikuwa wamening'inia mitini kama maembe yaliyokomaa, wakubwa kuliko alivyowawazia mtoto, na alikataa kuondoka mpaka magharibi waliporuka.

Novemba tunarudi, Mungu akipenda. Nauli nimeshaitenga. Mjukuu amefungua ukurasa mpya wa potwe, akachora mistari hamsini ya kujazia madoa.

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam