Shingo ya wifi na chumvi ya jikoni

Lindi Mjini, Jumapili

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi kwako na watoto. Nimeupata ujumbe wako kuhusu wifi yako wa Newala, shingo imevimba na mimba ina miezi mitatu. Wiki hii hii apelekwe akapimwe damu, kipimo kinaitwa TSH. Kliniki inaweza isimpime bila kuambiwa, kwa hiyo aonyeshe shingo na aombe mwenyewe.

Uvimbe huo wa shingo ni rovu, hajarogwa. Tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo mfano wa kipepeo, hutengeneza homoni ya thairoksini kwa madini joto, yaani iodini. Chini ya ubongo ipo tezi ya pituitari, ndogo kama njegere, na hiyo ndiyo msimamizi. Ikiona thairoksini imepungua kwenye damu, humwaga TSH, homoni ile inayopimwa, kuihimiza thairoidi ichape kazi. Thairoidi inatii, ila madini hayapo. Inahimizwa tena, na tena, mpaka inavimba. Ndiyo maana shingo inaweza kuwa kubwa na homoni ikawa haba. Na mtoto, mpaka karibu nusu ya mimba, anategemea sana thairoksini ya mama kujenga ubongo wake. Tafadhali msingoje ajifungue.

Najua utauliza: bahari hii hapa, chumvi tunaivuna wenyewe, madini joto yatupungukie vipi? Chumvi inayokauka kwenye mabwawa yetu hubaki na madini joto kidogo mno, mpaka yatiwe kiwandani. Anunue ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Aiweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke wa sufuria, na aitie chakula kikikaribia kuiva. Chumvi ya mawe wengine huiosha kwanza. Akiiosha, madini yanakwenda na maji.

Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo humpa 150 katika gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na asizidishe hapo kwa ajili ya presha. Zinazobaki azitafute kwenye samaki wa bahari, mayai na maziwa. Iodini ya kusafishia vidonda asiinywe kabisa, hata akishauriwa na nani.

Halafu muhogo. Ule mchungu una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa thayosianeti, nayo huizuia thairoidi isinyonye madini joto. Sikatazi ugali wa makopa, ndio chakula chetu. Unga ukishasagwa, aulowanishe kwa maji, autandaze usizidi unene wa sentimita moja, uachwe kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu ipotee hewani. Kisha asonge siku hiyo hiyo.

Akiandikiwa vidonge vya levothairoksini, yaani thairoksini ya kutengenezwa, ameze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Vile vya kuongeza damu anavyopewa kliniki vina madini ya chuma, vinaifunga dawa tumboni. Viachane kwa saa 4. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanameza vyote pamoja, kisha wanasema dawa haifanyi kazi. TSH irudiwe kila wiki 4 mpaka katikati ya mimba.

Moyo ukimwenda mbio, mikono ikitetemeka na jasho likimtoka bila sababu, hiyo inaweza kuwa homoni kuzidi, awahi hospitali.

Majibu yakitoka, piga picha karatasi nzima unitumie, pamoja na safu ya viwango vya maabara, maana vya mjamzito ni tofauti.

Wako,
Zuhura